Kioo cha ukutani na mkono wa mtoto aliyeungua: historia fupi kwa akina mama

SEHEMU YA 1: Swali lenu

 

Wiki hii sileti ratiba ya chanjo wala lishe. Naleta historia. Najua wengine mtasema, nesi leo kawa mwalimu. Vumilieni, maana historia hii inajibu swali ambalo akina mama wananiuliza mara nyingi: "Kidonda cha moto kimepona, ngozi imefunga, mbona mtoto hataki kuutumia mkono?"

Mnaijua hali hiyo. Mtoto kamwagikiwa uji au chai, au kashika kikaango cha chapati, au kaangukia kwenye mafiga. Wiki zimepita, bendeji imetoka, majirani wamesema alhamdulillahi. Lakini mtoto anakula kwa mkono mwingine, anacheza kwa mkono mwingine, na ule ulioungua kaukumbatia kifuani kama kifaranga. Ukiugusa analia. Taratibu vidole vinaanza kujikunja.

Watu watasema ana deko. Wengine watasema kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba kuna mambo mawili yanaendelea kwa pamoja. Moja liko kwenye ngozi, lingine liko kichwani. Binadamu wamechukua miaka mingi kuyaelewa yote mawili, na katika safari hiyo kuna gome la mti, maji ya chumvi, mlima wetu Kilimanjaro, na kioo cha kawaida kabisa. Twende pole pole.

SEHEMU YA 2: Dawa iliyotengeneza ngozi kama kiatu

Hapa pwani wazee wanajua kwamba gome la mkoko lina rangi nyekundu na kwamba lilitumika kutengenezea ngozi. Ukilowesha ngozi ya mnyama kwenye maji ya gome lile, inakakamaa, haiozi, inakuwa ngozi ya kiatu au mkanda. Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa tanini. Kimo pia kwenye majani ya chai, ndiyo maana chai kali inakausha ulimi.

Sasa sikieni. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit, Marekani, alitangaza kwamba ukimpaka mtu aliyeungua maji ya asidi ya tanini, kidonda kinatengeneza gamba gumu, maji ya mwili hayavuji ovyo, na mgonjwa anatulia. Haikuwa wazo la kijinga. Wakati ule watu walikufa kwa kupoteza maji kupitia vidonda vikubwa, na gamba lile lilionekana kama kifuniko. Dawa ikaenea hospitali nyingi za Ulaya na Marekani.

Tatizo lilionekana kwenye mikono. Gamba likikauka kuzunguka kidole linabana kama pete iliyozidi udogo. Damu haipiti vizuri. Chini ya gamba usaha unajificha. Na likija kubanduka, vidole vimeshikana na vimepinda. Mtu kapona kidonda, kapoteza mkono.

Kwa nini nawasimulia hili? Kwa sababu nyumbani bado tunafanya jambo la aina hiyo hiyo. Dawa ya meno, ute wa yai, majivu, unga wa ngano, mafuta ya kupikia. Nia ni njema, tunataka kifuniko. Lakini vinashikilia joto ndani, vinaleta uchafu, na sisi wahudumu tukitaka kuona kidonda inabidi tuvibandue huku mtoto anapiga kelele. Madaktari wakubwa walipita njia ya kifuniko kigumu wakaiacha. Sisi hatuna haja ya kuirudia.

SEHEMU YA 3: Marubani waliotoka baharini

Mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili. Marubani vijana wa Uingereza wanapigana angani. Ndege zao, Hurricane na Spitfire, zilikuwa na tangi la petroli mbele ya rubani. Likipigwa, moto unamrudia usoni na mikononi. Na wengi walivua glavu ili washike usukani vizuri. Unaweza kufikiria mikono ile.

Wengi wao walipelekwa mji mdogo wa East Grinstead, hospitali ya Queen Victoria, kwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. McIndoe aliona jambo. Marubani walioangukia baharini, vidonda vyao vilikuwa laini na vinapona vizuri kuliko vya walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaogesha wagonjwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na kufunga vidonda kwa vitambaa vilivyolowa. Akasimama kidete kupinga tanini. Baada ya mjadala mkali wa mwaka ule, madaktari wa jeshi waliachana nayo mikononi na usoni.

Msinielewe vibaya jamani. Sijasema mkamtie mtoto baharini wala kumpaka chumvi. Maji yale yalipimwa, yalikuwa safi, na yalitolewa hospitalini. Fundisho ni hili: mkono ulioungua unahitaji usafi na ulaini ili viungo viendelee kutembea.

Jambo la pili alilofanya McIndoe halikuwa dawa. Alikataa watu wake wafichwe. Katika vita ya kwanza, kwa ndugu yake Harold Gillies aliyewatibu wanajeshi walioharibika nyuso, vioo vilikatazwa wodini ili wagonjwa wasijione wakakata tamaa. McIndoe yeye aliwasukuma watu wake watoke, waende mjini, wanywe, wacheze muziki. Aliwaomba wenyeji wa mji wasiwakodolee macho, na mji ukajulikana kwa hilo.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe walianzisha chama, wakajiita Klabu ya Simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufanyiwa majaribio, kwa sababu upasuaji mwingi waliofanyiwa ulikuwa mpya. Walianza 39, vita ilipoisha walikuwa 649. Walipenda utani. Mweka hazina wa kwanza walimchagua mtu aliyeungua miguu, ili asiweze kukimbia na pesa. Katibu walimchagua aliyeungua vidole, ili asiandike kumbukumbu ndefu za vikao!

Nacheka kila nikifika hapo, lakini kuna kitu cha kujifunza. Mtoto aliyeungua akifichwa ndani kwa aibu, mkono nao unafichwa. Mkono uliofichwa hautembei, na mkono usiotembea unakakamaa.

SEHEMU YA 4: Kumbe historia ilipita Kilimanjaro

Hapa ndipo wengi mtashangaa. McIndoe baada ya vita alizoea kuja Afrika Mashariki, na alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika ya wakati ule. Mmoja wa waliojifunza kwake upasuaji wa kurekebisha ngozi na viungo ni Michael Wood, daktari Mwingereza aliyeishi Kenya. Mwingine ni Tom Rees, Mmarekani. Wote watatu walikuwa madaktari wa fani moja.

Waliona kwamba mtu wa kijijini mwenye kovu lililomkunja mkono au shingo hana njia ya kumfikia daktari wa aina yao. Barabara mbovu, hospitali mbali, madaktari wachache. Wakapanga mpango chini ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 ukaanzishwa utaratibu wa madaktari wanaosafiri kwa ndege ndogo kufuata wagonjwa. Ndio uliokuja kuwa AMREF tunayoijua leo, wale wa Flying Doctors.

Yaani ujuzi uliopatikana kwa vijana walioungua ndani ya ndege ulirudi kwa ndege kuwafuata watu wa vijiji vya Afrika Mashariki. McIndoe alifariki 1960, miaka mitatu tu baada ya kazi hiyo kuanza.

Sasa hivi hatusubiri ndege. Kovu lililokunja mkono linatengenezwa hapa hapa nchini. CCBRT Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1994, inajulikana kwa kazi hiyo. Muhimbili ipo, KCMC Moshi ipo. Sisi wa Maramba tunaanzia kituo cha afya, tunapewa rufaa kwenda juu hadi Bombo pale Tanga, na wao wanajua pa kutupeleka.

Lakini upasuaji unanyoosha ngozi tu. Lile jambo la pili, la kichwani, bado halijajibiwa. Kwa hilo tunahitaji kioo.

SEHEMU YA 5: Mkono hewa

Mnakumbuka wafanyakazi hewa? Jina liko kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Basi ubongo nao una orodha yake. Kila kiungo cha mwili kimeandikwa humo. Kiungo kikikatwa, jina halifutiki mara moja. Mtu aliyekatwa mkono anaweza kuhisi vidole vinawasha, au ngumi imekazwa inauma, wakati mkono haupo.

Jambo hili si geni. Daktari wa vita Mfaransa, Ambroise Paré, alilieleza katika karne ya 16. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwahudumia wanajeshi wengi waliokatwa viungo, na mwaka 1871 akalipa jina ambalo kwa lugha yetu ningeliita kiungo hewa. Kulipa jina alilipa, lakini tiba haikupatikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Miaka ya 1990 akatokea V. S. Ramachandran, daktari mzaliwa wa India aliyekuwa chuo kikuu cha California, San Diego. Alijiuliza: kama ubongo unaamini mkono upo na umeganda, tukiuonyesha kwa macho kwamba unatembea, itakuwaje? Akachukua boksi na kioo cha bei ndogo, akakisimamisha katikati. Mgonjwa anaweka mkono mzima upande wa kioo, anatazama. Anachokiona ni mikono miwili. Akifungua mkono mzima, kwenye kioo ule "uliokatwa" nao unafunguka. Baadhi ya wagonjwa walihisi ile ngumi iliyokaza kwa miaka ikiachia. Matokeo yalitoka kwenye majarida ya sayansi mwaka 1995 na 1996.

Ni kiinimacho, ndiyo. Lakini ni kiinimacho ambacho mgonjwa mwenyewe anajua ni kiinimacho, na bado kinafanya kazi. Ndugu zangu, ubongo unaamini macho kuliko unavyoamini maneno.

Watu walitilia shaka, na walikuwa na haki. Hivyo mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed Marekani walichapisha jaribio kwa watu waliokatwa miguu. Kundi moja lilitazama kioo, kundi la pili lilipewa kioo kilichofunikwa kwa shuka, la tatu lilifumba macho na kuwaza tu. Dakika 15 kila siku, wiki nne. Wote 6 wa kundi la kioo wazi walisema maumivu yamepungua. Wengi wa makundi mengine hawakupata nafuu hiyo, na wengine wao yalizidi. Ni watu wachache, lakini lile shuka linaonyesha kwamba kilichosaidia ni kuona.

Kioo kikaenda pia kwa wagonjwa wa kiharusi kuanzia 1999. Huko ndiko ushahidi ulikojaa zaidi: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 62 zenye washiriki 1,982, yakaona kwamba kioo kikiongezwa kwenye mazoezi ya kawaida husaidia mkono kutembea na mtu kufanya shughuli zake za kila siku.

Na kwa kuwa ni kitu rahisi, kilifika hata kwa maskini. Stephen Sumner, raia wa Kanada aliyepoteza mguu kwenye ajali ya pikipiki, alipoponeshwa maumivu na kioo alikwenda Cambodia, nchi yenye watu wengi waliokatwa na mabomu ya ardhini, akazunguka na baiskeli iliyobeba vioo akiwafundisha watu.

SEHEMU YA 6: Kwa nini kioo kwa aliyeungua?

Mtasema, nesi, mwanangu hajakatwa mkono, anao. Sawa. Lakini fikiria wiki zile za kidonda. Kila akijaribu kufungua kiganja, maumivu. Kila bendeji ikibadilishwa, maumivu. Ubongo wa mtoto umeandika somo: kusogeza mkono huu ni kuumia. Kidonda kinafunga, somo linabaki. Anaogopa kusogeza kabla hata hajasogeza.

Kioo kinampa somo lingine. Mtoto anakaa mezani, kioo kimesimama katikati yake, uso wa kioo unatazama mkono mzima. Mkono ulioungua uko nyuma ya kioo, hauonekani. Anaangalia kwenye kioo anaona mikono miwili mizima. Anafungua na kufunga mkono mzima taratibu, na ule wa nyuma unafuata kadiri unavyoweza. Anagusa kidole gumba na kila kidole. Anashika kijiko, anaachia. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kuanzia, si mpaka achoke alie. Bangili, pete, saa vinavuliwa kwenye mkono mzima, maana mkono wa kwenye kioo ukiwa na bangili ubongo unasema "huu si wangu". Hata piko linaweza kuvuruga.

Sasa niwe mkweli. Tafiti za kioo kwa walioungua mikono zipo, lakini ni chache na zina wagonjwa wachache. Zinatia moyo kwenye kupunguza maumivu na kurudisha mwendo wa vidole, ila hazina uzito wa zile za kiharusi. Kwa hiyo shikeni haya:

1. Kioo hakinyooshi kovu. Kovu linanyooshwa na mazoezi, kukandwa, banzi la kuvaa hasa usiku, na wakati mwingine kisu cha daktari. Kioo kinamsaidia mtoto kukubali kufanya mazoezi hayo.

2. Kinamfaa aliyeungua mkono mmoja. Kama yote miwili imeungua, hakuna mkono wa kuakisi.

3. Mtoto awe na umri wa kutulia, kutazama na kufuata maelekezo. Wa mwaka mmoja na nusu atataka kukilamba tu. Huyo mchezo ndio tiba yake: mpe vitu vya kushika kwa mkono ule.

4. Usianze mwenyewe wakati kidonda bado kibichi au ngozi imepandikizwa juzi. Uliza kwanza. Kuna anayejisikia kizunguzungu au kulia akitazama kioo. Huyo anapumzishwa, halazimishwi.

5. Kioo kizibwe kingo kwa gundi ya karatasi au kiwe na fremu. Hatutaki kutoka kwenye kuungua tuingie kwenye kukatwa.

Mtaalamu wa kumuulizia anaitwa mtoa tiba kwa vitendo, na mwenzake ni mfiziotherapia. Yataje majina hayo unapofika hospitali ya rufaa. Sema hivi: "Naomba mtoto wangu aonwe na mtu wa tiba kwa vitendo, mkono unaanza kukaza." Ni haki yako kuuliza, si ujuaji.

SEHEMU YA 7: Kazi yako wewe mama

Saa ya kwanza. Mtoto akiungua, mtoe kwenye moto, kisha mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Bomba hakuna? Kata na ndoo, mwagia pole pole. Si barafu. Vua haraka bangili, shanga, hata uzi au hirizi ya mkononi, kabla mkono haujavimba. Mwili mwingine mfunike asipate baridi. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Nenda kituo cha afya. Mkono ulioungua, hata eneo likiwa dogo, uonwe na mhudumu.

Wiki za kidonda. Mkono ukae juu ya mto kupunguza uvimbe. Vidole visifungwe pamoja kama kifurushi. Ukiona vimefungwa hivyo, uliza kwa heshima kama kila kimoja kinaweza kufungwa peke yake. Jua hili: mkao ambao mtoto anauona wa raha, mkono umekunjwa, ndio mkao ambao kovu litaganda. Huruma ya kumwacha akunje itamgharimu.

Miezi baada ya kupona. Hapa ndipo wengi tunakata tamaa. Kovu linaendelea kuvuta na kubadilika kwa mwaka mmoja, wakati mwingine hadi miwili. Mtoto anakua, kovu halikui kwa kasi yake. Ndiyo maana mkono uliokuwa sawa mwezi wa tatu unaweza kukaza mwezi wa nane. Rudi kliniki hata kama unaona kapona. Najua nauli. Najua shamba linasubiri na kuna watoto wengine nyumbani. Panga na baba yake, panga na shangazi, hii si kazi ya mama peke yake.

Na kwako wewe mama unayesoma ukiwa na mtoto ambaye tayari vidole vimekunjika: hujachelewa. Watu wazima wanafanyiwa upasuaji wa makovu ya utotoni. Nenda ukaulize. Na usimfunike mkono kwa kitenge kila mgeni akija. Mwache atume chumvi dukani, ashike sahani, apige makofi msikitini au kanisani kwenye kaswida na kwaya. Wale vijana wa East Grinstead walipewa mji mzima usiowakodolea macho. Sisi wa Maramba tunajuana majina, tunashindwaje?

Mwenye swali aniandikie, nitajibu nikitoka zamu. Na kama jirani yako ana mtoto aliyeungua na simu haina bando, msomee.